Burashi, Wino na Mwanafunzi

Wako watu wanaosema kwamba kumpa mtoto mfano aufuatishe ni kuiua akili yake. Tumelipima neno hili kwa kutazama darasa la uchoraji wa wino huko Japani, maana huko ugomvi huo ulikuwa mkali.

Kwanza kazi yenyewe. Mwanafunzi hutwaa kipande cha wino mkavu, kilichofanywa kwa masizi na gundi, akakisugua polepole juu ya jiwe lenye maji kidogo. Mwalimu huchora mwanzi mbele yake: kila pingili pigo moja la burashi. Mwanafunzi hufuatisha. Karatasi hunywa wino upesi, wala hakuna kufuta. Akisitasita, doa hupanuka likamshitaki mbele ya wote. Sisi tuliozoea penseli na raba tungeona taabu sana!

Mwaka 1884 serikali ya Japani iliunda tume ya kuchunguza somo la kuchora. Koyama Shōtarō alitetea penseli ya Ulaya. Okakura Kakuzō na Mmarekani Ernest Fenollosa walitetea burashi. Burashi ikaingia shuleni, na pamoja nayo vitabu vya mifano. Hapo ndipo kosa lilipoingia, maana kunakili ukurasa kukawa somo zima. Mchoraji Yamamoto Kanae alikataa jambo hilo, akataka watoto wachore wanayoyaona kwa macho yao. Mwaka 1919 michoro yao ikaonyeshwa huko Nagano. Twamsifu kwa hilo.

Lakini asilaumiwe mfano kwa kosa la kitabu. Mwaka 1495 Sesshū, mtawa wa Kibudha aliyekwisha kupita miaka sabini, alimchorea mwanafunzi wake Sōen picha ya milima. Ukiitazama kwa haraka ni madoa tu, kana kwamba wino umemwagika. Ukikaribia, doa hili ni jabali, lile ni miti. Chini yake pana paa la nyumba, na juu ya maji mashua yenye watu wawili. Ni vigumu kuona mkono ulio huru kuliko huo. Hata hivyo, namna hiyo ya kuchora Sesshū hakuibuni yeye: aliifuata kwa Yujian, mchoraji wa China aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya mia mbili. Tena juu ya picha aliandika mwenyewe kwamba alikwenda China kutafuta walimu, na aliporudi ndipo alipotambua ukubwa wa Josetsu na Shūbun, wazee wa kwao.

Tofauti twaiona hapa: kitabu cha shule kilionyesha mwanzi uliokwisha kuchorwa, bali Sōen aliuona mkono wa mwalimu ukienda. Alikuwa akirudi kwao Kamakura, akaomba picha ya kuwaonyesha watu alifundishwa na nani. Leo picha hiyo imo katika jumba la makumbusho la taifa mjini Tokyo, na maneno ya mzee yangali juu yake.