Pemba ipi? Uhakiki wa ramani za upepo tunazozikodolea macho

Msomaji, unakumbuka mwanzoni mwa Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilikuwa baharini kikielekea pwani yetu, na simu hazikutulia. Karibu kila grupu la WhatsApp lilikuwa na picha ya aina moja: bahari, mistari ya upepo inayotiririka, na duara la rangi kali katikati. Chini yake mtu ameandika, "Kinakuja!" Sisi wapenzi wa hali ya hewa ndio tulioongoza kuzisambaza. Tusijifiche.

Hidaya kilifika karibu na Mafia tarehe 4 Mei, nguvu zikiwa zimeshapungua, na baadhi ya watu wakasema tumetishwa bure. Mimi nasema tatizo lilianza kwenye namna tulivyoisoma ile picha. Kwa hiyo leo naihakiki ramani yenyewe, kama vile mtu anavyohakiki kitabu: inasema nini, na inaacha nini.

Kwanza, sifa zake. Ramani ya Earth ilitengenezwa na Cameron Beccario mwaka 2013, na Windy ikafuata mwaka 2014, ikianzishwa na Ivo Lukačovič wa Jamhuri ya Cheki. Kabla ya hapo ramani ya upepo ilikuwa vishale na tarakimu, kazi ya marubani na manahodha. Sasa mwanafunzi wa Wete akiwa na bando kidogo anaiona kusi ya Julai ikipita juu ya kisiwa chake, inavuka ikweta, halafu inajipinda kando ya Somalia kuelekea India. Njia ya majahazi ya zamani iko hapo kiganjani. Hilo ni jambo kubwa, na ramani hizi zinastahili heshima.

Sasa kasoro. Andika "Pemba" kwenye sehemu ya kutafuta, halafu uwe makini, maana dunia ina Pemba zaidi ya moja. Moja ni kisiwa chetu, kwenye nyuzi 5 kusini ya ikweta. Nyingine ni mji mkuu wa Cabo Delgado, Msumbiji, kwenye nyuzi 13. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, habari za dunia zilikuwa zikitaja Pemba, Pemba. Mtu wa Mkoani akisoma hivyo tu, roho si itamruka?

Zile nyuzi 8 zina maana kubwa. Hewa hukimbilia penye mgandamizo mdogo kama maji yanavyojaza shimo ufukweni. Ingekwenda moja kwa moja, shimo lingejaa na mambo yangeisha. Lakini kwa sababu dunia inazunguka, kusini ya ikweta hewa hupindishwa kushoto, basi inalizunguka shimo badala ya kulijaza. Hiyo ndiyo kani ya Coriolis, ile ile inayoipinda kusi. Kwenye ikweta kani hiyo ni sifuri. Kwenye nyuzi 13 ina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu kuliko kwenye nyuzi 5. Ndiyo maana vimbunga huizoea Pemba ya Msumbiji kuliko Pemba yetu. Ramani haikwambii hayo. Inakuonyesha duara tu, uogope.

Ila "nadra" si "haiwezekani". Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa mikarafuu na minazi mingi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kitovu cha karafuu. Kati ya visiwa hivi viwili kuna kama kilomita 50 za maji. Uchumi wetu wa zaidi ya miaka 150 uliamuliwa na umbali huo.

Sasa tuangalie ramani inauonaje umbali huo. Data za modeli ya Marekani, GFS, zinazotumika sana mtandaoni huja kwa miraba ya robo digrii, kama kilomita 28 kila upande. Kilomita 50 ni miraba isiyofika miwili! Kisiwa kizima cha Pemba, chenye karibu kilomita za mraba 1,000, ni mraba mmoja na kidogo. Modeli ya Ulaya, ECMWF, ina miraba ya kilomita 9 hivi, afadhali, tunapata kama kumi na mbili. Lakini ile michirizi laini unayoiona ikipita kati ya Chake Chake na Wesha ni kompyuta inajazia nafasi tu. Hakuna aliyepima hapo.

Kasoro inayoniuma zaidi ni kwamba ramani inatufundisha kungoja duara. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka na upepo mkali. Siku ile hakukuwa na kimbunga wala jina la kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani yote, Unguja na Pemba zikiwemo. Kwenye skrini, upepo huo ukiwa jirani na kimbunga unaonekana mtulivu kabisa. Muulize mvuvi wa Kojani aliye kwenye ngalawa kama ni mtulivu.

Nani anasambaza picha ya angalizo la namna hiyo? Hakuna. Halina duara.

Sikwambii ufute programu. Mimi mwenyewe naifungua kila asubuhi. Ila kabla hujasambaza picha, jiulize ni Pemba ipi, na mraba wake una ukubwa gani. Halafu fungua taarifa ya Mamlaka uone imeandika Angalizo, Tahadhari au Tahadhari Kubwa, na kama eneo lako limetajwa. Hiyo ndiyo uipeleke kwenye grupu, hasa kama humo mna mtu anayetoka na chombo alfajiri.