Kulisaka Neno Utu

Mkutubi ninayemzungumzia hakuanza na kompyuta. Mwanafunzi wa uzamili alikuja mezani kwake, akaamkia, akasema, "Mama, natafuta makala za falsafa kuhusu utu." Mama akaitikia marahaba, akachukua kalamu. "Utu upi, mwanangu? Alioutetea nani? Na aliyeandika, aliandika kwa lugha gani?" Maswali yalikwenda karibu nusu saa kabla hajagusa kibodi. Mimi niliyekaa meza ya jirani niliacha nilichokuwa nasoma, nikabaki namtazama.

Kanzidata haijui unachokitaka. Inalinganisha herufi tu. Liandike neno utu peke yake mahali palipochanganya fani zote, na unaweza kuletewa Utu, mungu wa jua wa Wasumeri wa kale. Andika ubuntu, nawe utakutana na programu endeshi ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina hilohilo. Ndiyo maana maneno hufungwa. Alama za mtajo huyashika pamoja yasitawanyike. AND hudai yote yawepo, OR huridhika na mojawapo, NOT hufukuza, na Mama huitumia hiyo ya mwisho kwa nadra sana kwa kuwa humfukuza na asiye na kosa. Mantiki hii tunaihusisha na George Boole, aliyeiandikia kitabu mwaka 1854. Hunigusa kila nikiiona kazini: anayeitafuta falsafa anaitafuta kwa chombo ambacho wanamantiki wenyewe walikichonga.

Ila ufundi wake niliuona hasa kwenye kinyota. Ukichapa philosoph na kuweka kinyota mwishoni, kanzidata nyingi zitakuletea philosophy, philosopher na kila neno la Kiingereza la ukoo huo kwa pamoja, maana Kiingereza hubadilisha maneno yake mkiani. Kiswahili hubadilisha kichwani. Mtu, watu, utu, kiutu: shina limekaa nyuma, na kinyota kwa kawaida hakikubaliwi kutangulia. Mama hakulalamika. Aliandika kila umbo kwa mkono, moja baada ya jingine, akayaunga kwa OR: utu, ubinadamu, ubuntu, ubumuntu wa Wanyarwanda, botho ya Watswana, hunhu ya Washona. Ilikuwa kama kumwona mvuvi akikagua jarife tundu kwa tundu kabla ya kulishusha majini.

Kisha akafungua ukurasa mwingine wa daftari kwa ajili ya Kifaransa. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha uchambuzi wake wa falsafa ya Wabantu mwaka 1956 kwa lugha hiyo, akiujenga juu ya maneno muntu, kintu, hantu na kuntu. Anayetafuta kwa Kiingereza peke yake atawapata waliomjadili Kagame na kumkosa Kagame mwenyewe. Majina nayo yana mitego yake. Henry Odera Oruka wa Nairobi, aliyekwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima na kutenganisha wanaorudia mapokeo na wanaoyahoji, huandikwa Oruka hapa, Odera Oruka pale. Mama alitafuta yote mawili.

Walipita pia PhilPapers, kanzidata ya falsafa iliyoanzishwa mwaka 2009 na David Bourget na David Chalmers, na ambayo sasa ina maandishi zaidi ya milioni 2. Chimbuko lake ni orodha ya kazi za falsafa ya akili aliyoanza kuikusanya Chalmers alipokuwa mwanafunzi. Humo maandishi hupangwa kwenye rafu, rafu ndani ya rafu, na nyingi zina mhariri anayejitolea. Mama alimwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuacha kisanduku cha kutafutia na kutembea tu rafuni, kwa sababu kuna vitabu ambavyo neno lako halimo kwenye majina yake. Kitabu cha Kai Kresse cha mwaka 2007 kuhusu falsafa Mombasa kinaichambua tungo ya Ahmad Nassir juu ya utu, lakini jina la kitabu halitaji utu popote. Tasnifu ya Euphrase Kezilahabi, aliyoiwasilisha Wisconsin mwaka 1985, inazungumzia falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi; wanaomjua kwa riwaya tu hawaifikii. Kazi za namna hii Mama huzifikia kwa nyayo. Hufungua marejeo ya makala moja nzuri kuona mwandishi alikotoka, kisha hutazama waliomnukuu baadaye kuona alikopeleka wengine.

Jioni ilipoingia aliandika daftarini tarehe, jina la kila kanzidata, maneno yalivyochapwa na idadi ya majibu. Chini yake akaandika pia utafutaji uliorudi mikono mitupu, ili atakayekuja na swali hilihili asipoteze siku kwa njia hiyohiyo. Mwanafunzi akaanza kukusanya karatasi zake. Mama akatazama saa ya ukutani, akavuta kiti karibu na meza.

"Bado Msumbiji, mwanangu. Wenzetu wale wanaandika Kireno."