Jicho Kabla ya Mkono

Viwanda vya chai vya Mufindi na kile cha karatasi cha Mgololo havipaswi kungoja kila shafti itoke ng'ambo, mradi karakana za Iringa na Mbeya zina fundi anayesoma mchoro. Karatasi ikisema kipenyo 40 mm mahali pa beringi, kisipungue zaidi ya 0.02 mm, yeye tayari anaona mpangilio: kukereza huku akibakiza nyama kidogo, kuchonga mfereji wa kii, kisha kumalizia kipimo. Hapo ndipo penye ufundi. Mashine ni mtumishi tu. Wapo wasemao mzoefu hunakili kipuri kwa kalipa, mchoro wa nini? Hunakili kweli, na kulika kwake pia: shafti iliyopungua 0.3 mm huzaa pacha wake, na beringi mpya hucheza tangu siku ya kwanza.