Ngolo Hukamata, Lami Hufukuza: Pasaka ya Marafiki Mbinga

Ukipanga kuwatembelea marafiki Umatengoni, katika milima ya Mbinga, kwa siku chache, na bado unataka kuoga Ziwa Nyasa kabla ya kurudi kazini, fuata njia ya maji: anzia mlimani, malizia ufukoni. Kundi letu lilifanya hivyo wakati wa Pasaka. Tulikwenda kula sikukuu, lakini mimi nilirudi na swali la kiufundi, na ndilo ninalolichambua hapa. Katika mteremko mmoja wa wilaya za Mbinga na Nyasa, mafundi wa aina mbili wamepambana na mvua ile ile, na majibu yao yanapingana. Mkulima wa Kimatengo huyazuia maji yasiondoke. Mhandisi wa barabara huyaharakisha yaondoke. Wote wawili wamefaulu, na utata unaanzia hapo.

Kwanza majira. Mkoa wa Ruvuma, zilipo wilaya hizo, hauna masika na vuli kama Tanga au Dar es Salaam. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na Pasaka huangukia mkiani mwake. Kwa kuwa sikukuu yenyewe hutangatanga kati ya Machi 22 na Aprili 25, mgeni hukuta shamba la ngolo, yaani la mashimo ya maharage, katika hatua tofauti kila mwaka. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31, wakati nyasi zinafyekwa na mashimo yanachimbwa. Mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20, na aliyewahi kupanda alikuwa na maharage yaliyokwisha chipua. Wenyeji wa mjini hutazama kalenda ya likizo. Wenyeji wa Umatengoni hutazama kwanza unyevu wa udongo, kisha ndipo wanakuambia njoo.

Safari ya kutoka Songea haina mengi siku hizi. Ni kilomita mia moja hivi za lami, na kipande cha Peramiho hadi Mbinga kilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia wa 2008 hadi 2013. Kuanzia Kitai utapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, na baada ya hapo milima inakupokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umatengoni wakati wa maharage hawasubiri ya tatu. Mama mwenyeji wetu alitupokea kwa chai, akauliza habari za nyumbani, akapokea sukari na sabuni tulizoleta, kisha akasema bila kuzungukazunguka: "Karibuni sana wanangu, kesho tunakwenda ngolo." Basi tukaenda.

Ngolo ni kilimo cha mashimo na matuta katika miteremko ambayo mtu wa tambarare angeiachia mbuzi. Shamba huanza likiwa limejaa nyasi, kwa sababu limepumzika baada ya mahindi. Wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke kiasi. Kisha huzilaza kwa mistari, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikikatiza, hadi mlima wote unakuwa na miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo kazi huwa ya wanawake. Kila mmoja husimama ndani ya mraba, huchimba udongo wa katikati na kuurusha juu ya nyasi za pande zote nne. Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta yenye nyasi tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta na kufunikwa kwa udongo mwingine wa shimoni, kwa hiyo shimo linazidi kwenda chini. Ukisimama mlima wa pili na kutazama, unaona sega la asali limetandazwa kutoka kileleni hadi bondeni.

Maharage huvunwa Juni na Julai. Shamba hukaa hadi mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, na magugu yanayopaliliwa hutupwa mashimoni yakaoze. Baada ya kuvuna mahindi shamba hupumzika, nyasi hurudi, na mzunguko unaanza upya. Kwa kawaida matuta mapya hupita palipokuwa na mashimo, hivyo ule udongo mweusi uliokusanyika chini hupandishwa juu. Hakuna chembe ya mbolea ya dukani katika maelezo haya.

Sasa tupige hesabu, maana uzuri wa sega haumzuii mtu kuuliza kama linafanya kazi. Chukua mraba wa mita mbili kwa mbili. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha hapo, zinaanguka lita 200 za maji. Shimo la mita moja kwa moja lenye kina cha sentimita 30 lingebeba lita 300 kama lingekuwa mahali tambarare. Kwenye mteremko halijai lote, kwa sababu maji hufurika tuta la chini kabla hayajafika ukingo wa juu. Tukate nusu: lita 150. Zinabaki lita 50, na hizo zinaingia kwenye matuta, ambayo ni udongo uliotifuliwa juu ya nyasi. Kwa maneno mengine, mvua kubwa inaweza kunyesha na karibu yote ikabaki shambani. Ikizidi, shimo la juu humwagia la chini yake kidogo kidogo, na udongo uliobebwa hutua humo humo badala ya kwenda mtoni. Maharage yaliyopandwa mwishoni mwa mvua hukomaa kwa unyevu huo.

Mbinu hii ina historia ya shida. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nyanda za Songea, na Wamatengo wakajibana milimani. Watu wakawa wengi, ardhi ikawa ya kusimama wima, na hapakuwa na pa kuhamia udongo ukichoka. Ukoo ulishika ntambo, yaani mgongo mzima wa mlima uliopakana na vijito, na kila atakayekula ilibidi alime hapo hapo mwaka baada ya mwaka. Serikali ya kikoloni iliiona kazi hiyo. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika kuhusu hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hata hivyo serikali hiyo hiyo iliwalazimisha Waluguru wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi, mpaka mwaka 1955 kukazuka ghasia huko. Ajabu ni kwamba ushahidi wa mbinu iliyozaliwa kwa wakulima wenyewe ulikuwa tayari kwenye makaratasi ya watawala. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto waliichunguza ngolo kwa miaka mingi, na mwaka 1999 Sokoine ikaanzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini kwa msaada wa Japani, Umatengo ikiwa moja ya maeneo yake ya kazi.

Udhaifu wa ngolo ni mmoja, na niliuhisi mgongoni: kazi yenyewe. Kufyeka ni kazi ya siku chache. Kuchimba kila mraba kwa jembe la mkono ni kazi nzito, na imelala mabegani mwa wanawake. Kahawa ya arabika, inayochukua sehemu kubwa ya muda wa wanaume na kuleta fedha za ada na mabati, haichimbi mashimo haya. Anayesifu ngolo kama urithi bila kutaja nani anashika jembe anasema nusu ya habari.

Tulipoaga kwenda ziwani tulipewa maharage na kahawa vya kuwapelekea rafiki zetu wa Mbamba Bay, na hapo tukaingia mikononi mwa fundi wa pili.

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66 hivi na ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kabla ya lami, safari ya wakati wa mvua ilikuwa bahati nasibu. Gari lilinasa, abiria wakashuka kusukuma, na wengine wakalala njiani. Safari ya mlima na ziwa katika likizo moja fupi haikuwa jambo la kupanga. Sasa inapangika, na sababu kubwa kuliko lami yenyewe ni namna maji yanavyoondolewa juu yake.

Lami haifi kwa matairi peke yake. Maji yakipenya tabaka za chini, zinalainika, na lori zito linamalizia. Ndiyo maana mgongo wa barabara huinuliwa katikati, mitaro ya mawe huchimbwa upande wa mlima, na makalavati hupitishwa chini ili maji yavuke kwenda upande wa bonde. Palipokatwa mlima utaona kuta za kuzuia udongo au mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya. Tupige hesabu ile ile. Tuseme lami ina upana wa mita saba. Mita mia moja za urefu wake, kwa mvua ya milimita 50, zinakusanya lita 35,000, na hakuna hata moja inayozama. Ongeza maji ya mlima yaliyoshuka mtaroni. Yote yanatokea mdomo mmoja wa kalavati, kwa kasi, juu ya shamba la mtu.

Hapo ndipo mafundi wetu wawili wanapokutana bila kujuana. Ngolo imekadiriwa kwa mvua inayoanguka juu yake, mraba kwa mraba. Haikukadiriwa kwa mto mdogo unaotoka kwenye bomba la zege. Ukifumua tuta moja, la chini yake linapokea maji ya mawili, la tatu ya matatu, na korongo limezaliwa. Dawa inajulikana: ngazi za mawe chini ya mdomo wa kalavati ili kuvunja kasi, na makalavati mengi madogo badala ya machache makubwa. Inagharimu fedha, lakini ni nafuu kuliko shamba. Hukumu yangu ni kwamba barabara za milimani zikaguliwe kwa kutembea chini ya makalavati na si kwa kuendesha gari juu ya lami.

Walaji wa samaki nao wana hisa katika jambo hili. Umatengo ni mgawanyo wa maji: upande wa mashariki hulisha mto Ruvuma hadi Bahari ya Hindi, upande wa magharibi hushuka Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko mita 470 hivi juu ya bahari na kina chake hufika kama mita 700. Mbasa, samaki anayepewa mgeni wa heshima ufukoni, hupanda mitoni msimu wa mvua kutaga mayai kwenye changarawe. Changarawe ikifunikwa tope linaloshuka kutoka makorongo hayo, mayai hayaishi. Rafiki zetu wa Mbamba Bay walitupikia mbasa na ugali wa muhogo, wakafurahia maharage ya mlimani, na jioni tukatazama mitumbwi ikitoka na taa kwenda kuvua usipa.

Pasaka ya mwaka 2027 ni Machi 28, na ya 2028 ni Aprili 16. Anayetaka kuona nyasi zikilazwa na mashimo yakichimbwa achague ya kwanza. Jembe nunua Songea kabla ya kupanda basi. Msimu huo nyumbani kwa mwenyeji hakuna la ziada.