Kijiko Kimoja cha Molasi

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji safi, katika joto la kawaida la mchana wa Morogoro, hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 160 hivi. Ni miligramu 8 kwa lita, basi. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya hiyo. Sasa chukua kijiko kikubwa kimoja cha molasi, kile unachoshauriwa kutia kwenye chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekewa mboji kwa ajili ya mimea, ili vijidudu vishibe. Ndani yake mna kama gramu 10 za sukari, na kila gramu ya sukari ikiliwa hadi mwisho hudai gramu moja na ushei ya oksijeni. Piga hesabu: kijiko kimoja kinadai oksijeni zaidi ya mara 60 ya ile iliyomo ndooni. Hata ukitoa sukari inayogeuka kuwa miili ya vijidudu vyenyewe, deni halilipiki kwa maji yaliyotulia.

Nawasifu hapa wanaolilipa deni hilo kwa nguvu za mkono. Vifaa vyao ni vya kawaida: pipa au ndoo, gunia la katani lenye mboji lililofungwa shingoni, fimbo ya kulining'iniza, na mti mrefu wa kukorogea. Wachache wana pampu ndogo ya hewa, kama zile za matangi ya samaki wa mapambo, na kwao kazi huisha kwa siku moja au moja na nusu. Wasio na umeme hukoroga. Hukoroga upande mmoja mpaka maji yachimbe shimo katikati, kisha hugeuza ghafla upande wa pili, shimo livunjike na hewa imezwe. Anayepita njiani huona mtu mzima akichezea maji. Lakini ndani ya maji yasiyotikiswa oksijeni husafiri polepole mno, kama mara 10,000 zaidi kuliko hewani, kwa hiyo usipoikunja ndani kwa nguvu itabaki juu juu, na vijidudu vilivyo chini vitaimaliza ile kidogo iliyokuwepo kabla jua halijazama.

Oksijeni ikiisha, uhai haukomi. Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga, na ndipo pua ya fundi inapopata kazi. Kwanza vipo vijidudu vinavyojua kupumua naitreti badala ya oksijeni. Huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, na mbolea uliyoihangaikia inapaa zake angani bila hata kukuaga. Baadaye huja vinavyopumua salfeti, navyo hutoa harufu ya yai viza. Kando yao wako wachachuaji, wanaoacha siki, pombe na ile asidi inayonuka kama siagi iliyooza. Kijidudu kinachopumua oksijeni hupata kutoka kwenye sukari nishati karibu mara 15 ya ile anayoipata mchachuaji. Mchachuaji hula kama mgeni wa harusi mwenye haraka, anayeacha pilau nyingi kwenye sahani. Asidi na pombe hizo bado zina nishati ambayo haikuguswa. Anayeinamia pipa na kukunja uso anainusa nishati hiyo, kwa hiyo pua yake inampimia kitu cha kweli kabisa. Chai iliyopata hewa hunuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Harufu hiyo inatokana na geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces, na hao wanaipenda hewa.

Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, mwaka 1861, kwamba uhai bila hewa upo. Alikuwa akichunguza uchachu unaozaa ile asidi ya siagi. Katika tone lililobanwa chini ya darubini, vijidudu vya katikati vilikuwa vikienda huku na huko. Vya ukingoni, palipogusana na hewa, vilikuwa vimetulia tuli. Hewa iliyodhaniwa kuwa sharti la kila uhai ilikuwa ikividhuru.

Kutokana na hayo watu wamejijengea imani nyepesi: vya hewa ni vyema, vya bila hewa ni viovu. Nchini Marekani mwanabiolojia wa udongo Elaine Ingham aliieneza sana chai ya kupuliziwa hewa, na wafuasi wengi wakaishia kwenye imani hiyo. Mimi siikubali. Bakteria wa mnyauko wa nyanya na viazi, Ralstonia solanacearum, anapumua oksijeni kama wewe na mimi. Bakteria wa utumbo, E. koli, huishi kokote, penye hewa na pasipo hewa, na pampu yako haimbughudhi. Samadi tunayoisifu imepita kwenye tumbo la ng'ombe, mahali ambapo oksijeni karibu haipo, na bila vijidudu vya humo ng'ombe asingenufaika na nyuzi za majani. Huko Bonn, Ujerumani, katika miaka ya 1980, Heinrich Weltzien na wenzake walitumia chai ya mboji isiyopuliziwa hewa kupunguza ukungu kwenye mizabibu. Na Steve Scheuerell na Walter Mahaffee wa Oregon, walipokusanya tafiti zilizokuwepo hadi 2002, walikuta aina zote mbili zimewahi kuzuia magonjwa, na zote mbili zimewahi kushindwa.

Kwa hiyo fundi ninayemsifu ni yule anayejua anapika ipi, na kwa nini. Akiloweka majani mabichi ya alizeti mwitu, yale ambayo yakikaushwa hukutwa na naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu 4, hahangaiki na hewa. Majani mabichi yana chakula kingi mno. Hakuna mkono utakaoishinda njaa ya vijidudu humo. Anachotaka ni virutubisho. Atavumilia uvundo wiki mbili, atafunika pipa, atazimua mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi nyepesi, na atamwaga shinani. Akitaka vijidudu hai vya udongo, atatumia mboji iliyokomaa, ambayo sukari yake ililiwa zamani.

Na hapo ndipo ilipo kazi kubwa, miezi kabla ya ndoo kuguswa. Lundo lililopanda nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, likageuzwa ili kilichokuwa nje kiingie ndani, limeshafyeka vimelea vingi ambavyo ndoo haiwezi kuviondoa. Mboji mbovu haitengenezeki majini. Kinyume chake, molasi huamsha chochote kilichokuwamo. Mwaka 2004 kikosi kazi cha bodi ya viwango vya kilimo hai ya Marekani kilitahadharisha kuhusu jambo hilo hilo: viongezo vya sukari vinaweza kukuza E. koli na Salmonela kwenye chai. Ningekuwa na amri ningepiga marufuku molasi kwenye chai yoyote itakayonyunyiziwa saladi, giligilani au kitu chochote cha kachumbari. Chai ya mboji yenyewe ina virutubisho vichache. Tusiifanye dawa ya kila kitu.

Mkono ukishatulia au pampu ikizimwa, hesabu ya mwanzo inarudi. Vijidudu sasa ni vingi kuliko jana, oksijeni ni ile ile, na una saa chache tu. Wanaofanya kazi hii vizuri huwa wameshapalilia na kuandaa makopo kabla ya kuinua gunia. Maji ya bomba waliyoyatumia yalikaa wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Ndoo huisugua papo hapo, hasa ule utando mtelezi wa pembeni na kwenye mipira ya pampu, kwa sababu ndani ya utando hewa haifiki na ndimo wachachuaji wa kesho wanamolala. Chai ikiwaharibikia, huimwaga kwenye lundo la mboji, juu ya majani makavu, na kuligeuza.