Tarehe Iliyolala Ndani ya Kanda

Ukiletewa flashi yenye video zilizotolewa kwenye kanda za zamani, usianze na sura za watu. Anza na tarehe. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Nilijifunza haya kwa uchungu. Studio moja ilinihamishia kanda ya MiniDV ambamo bibi mzaa mama anapepeta mchele uani. Picha ilitoka safi, lakini kila faili kwenye flashi lilikuwa na tarehe ya wiki ileile niliyopeleka kanda. Kompyuta ilikuwa imeandika siku faili lilipozaliwa, si siku bibi aliposhika ungo. Bibi mwenyewe alikuwa ameshafariki, na hakuna aliyekumbuka ni mwaka gani.

Kwanza ijue kanda yako. VHS-C, Video8 na Hi8 kwa kawaida zina tarehe pale tu mpiga video alipobonyeza kitufe cha kuionyesha, nayo ikachapwa moja kwa moja juu ya picha. Anayekuahidi kuifuta na kurudisha kilichokuwa nyuma yake, mkwepe, maana kilichofunikwa hakikurekodiwa kamwe. Pima jambo moja: je, tarakimu zote zipo? Chini kabisa ya picha za kanda hizi huwa kuna mstari unaochezacheza, na mafundi wengi hukata kingo ili kuuondoa. Mkono ukizidi, tarehe iliyokaa pembeni inakatwa nao.

MiniDV, iliyoanza mwaka 1995, na Digital8 iliyofuata, ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kanda hizi huficha siku na saa ndani ya kila fremu, na kwa mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia huku, hizo ni fremu 25 kwa sekunde. Huzioni kwenye picha, lakini zipo. Ili zikufikie, kanda lazima ihamishwe kwa waya wa FireWire, kupitia lile tundu dogo la kamera lililoandikwa DV au i.LINK. Ikipitia waya wa njano wa televisheni, picha inavuka na tarehe inabaki kwenye kanda. Kwa hiyo muulize fundi: saa moja ya kanda imetoa gigabaiti ngapi? Akisema kama 13, ametunza kanda ilivyo. Akisema moja au mbili, ameibana, na kwa kawaida tarehe imemwagika njiani. Faili halisi ukilifungua kwa programu ya MediaInfo litakuonyesha siku ya kurekodiwa. Programu nyingine, dvrescue, itakusomea tarehe fremu kwa fremu.

Sasa kuna kuionyesha. Kazi ninayoiheshimu huweka tarehe kama manukuu kwenye faili la pembeni, unayoweza kuyawasha na kuyazima. Yanatokea mwanzo wa kila tukio, yanakaa sekunde chache, yanaondoka. Kupiga muhuri juu ya nyuso za watu filamu nzima ni kuwadhulumu. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu kamera iliyotoka Marekani hutanguliza mwezi, na 04/07 inaweza kuwa Aprili au Julai. Nakala ya familia mimi huiandikia saa zetu, saa 10:20 alasiri badala ya 16:20, ili wazee wasome bila kuhesabu.

Kuna tarehe za kughushi pia. Fundi mvivu huandika saa ya mwanzo kisha anaiacha itembee yenyewe. Kumgundua, tafuta mahali kamera ilipozimwa: sufuria iko jikoni, mara watu wanakula. Saa ya kweli itaruka hapo. Ikiwa imesonga sekunde moja tu, hiyo si saa ya kanda.

Hata saa ya kanda yenyewe ihojiwe. Kibetri cha ndani cha kamera kikifa, saa hurudi mwanzo, ndiyo maana 1 Januari hujaa kwenye kanda za watu. Au ndugu amekuja na kamera kutoka London mwezi wa Desemba bila kurekebisha saa, na harusi ya saa 10 alasiri inasomeka 13:00. Jua letu ni shahidi mzuri: Dar es Salaam linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo hivi, mwaka mzima. Muhuri ukisema saa 3 usiku na vivuli vya minazi viko uwanjani, saa ndiyo imekosea. Fundi bora hairekebishi kimyakimya. Huacha ya asili ilivyo, na pembeni anaandika alichosahihisha na sababu yake.

Kanda ya bibi niliihamisha upya kwa FireWire. Chini ya ungo ikatokea tarehe: 21 Desemba 2002, saa 4:11 asubuhi. Mama akahesabu kwa vidole, akasema ilikuwa Jumamosi, na mchele ule ni wa harusi ya mdogo wake. Akaniomba nirudishe nyuma.