Usingizi wa Msafiri: Kughafilika kwa Mkristo katika Kitabu cha Bunyan

Wasomaji wengi wa kitabu cha John Bunyan, ambacho wenye kusoma Kiswahili wamekijua kwa jina la Safari ya Msafiri, wakiulizwa ni hatari gani zilizompata Mkristo njiani, hutaja pigano lake na Apolioni, au ngome ya lile jitu liitwalo Kukata Tamaa, au soko la ubatili ambako mwenzake aliuawa. Wachache hutaja usingizi. Walakini kila nikisomapo kitabu hiki pamoja na wanafunzi, naona kuwa mwandishi mwenyewe aliogopa usingizi kuliko upanga. Upanga wa Apolioni ulimjia msafiri mara moja tu, ukamkuta amekwisha kuvaa silaha. Usingizi umetegwa mahali patatu: karibu na msalaba, katikati ya mlima, na tena karibu na mwisho wa njia, na ni nadra kumkuta mtu penye dhiki. (Majina ya watu na mahali nayatia katika Kiswahili changu mwenyewe, na asiyeyapenda ana ruhusa ya kuyabadili.)

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford katika Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuziba vyungu na masufuria ya watu, na chuo hakukijua. Mwaka 1660 alitiwa gerezani kwa kuhubiri pasipo idhini ya kanisa la serikali, akakaa humo hata mwaka 1672. Kitabu kilitoka mwaka 1678. Mtu wa namna hii tungedhani angemwonya msomaji juu ya mahakimu na minyororo, na kwa kweli amefanya hivyo. Lakini asiyeogopa minyororo huweza kuyaona mambo mengine yaliyo laini zaidi.

Tutazame lile banda la kupumzikia katikati ya Mlima wa Shida. Shetani hakulijenga. Lilijengwa na Bwana wa mlima mwenyewe kwa faida ya wasafiri waliochoka. Mkristo aliingia, akaketi, akatoa hati aliyopewa kuwa ushahidi wa kukubaliwa kwake, akaisoma akafarijika. Kisha akalitazama upya lile vazi alilovikwa penye msalaba, akapendezwa nalo. Ndipo usingizi ukamchukua, na hati ikaanguka mkononi mwake. Mpangilio wa mambo haya wastahili kuangaliwa sana. Mtu huyu hakulala baada ya kuvunja amri; alilala baada ya kusoma Neno. Kilichomlaza ni kumbukumbu ya neema yenyewe, pale ilipogeuka ikawa kioo cha kujitazamia. Mhubiri wa kawaida angemtia msafiri katika nyumba ya ulevi ili ibada ya Jumapili ipate mfano wake. Bunyan amemtia katika zawadi ya Mungu, na kwa jambo hili peke yake nampa daraja ya msanii.

Kisha Mkristo aliamshwa, akakimbia hata kileleni, naye hakujua kuwa amepotewa na kitu. Hasara haikumwuma hata alipokutana na waoga wawili waliokuwa wakirudi mbio kwa khofu ya simba. Alipapasa kifuani ili asome apate moyo, akakuta hapana hati. Ikampasa kushuka mpaka bandani, kisha kupanda tena, na jua likamchwea njiani. Njia ya kwenda mara moja aliikanyaga mara tatu. Bunyan hamwachi msafiri aungame kwa neno moja na kuendelea. Amlipisha kwa miguu.

Kiswahili kina maneno mengi kwa hali hii. Watafsiri wa Biblia, katika waraka kwa kanisa la Laodikia, wametumia neno vuguvugu. Mji ule ulipata maji yake kwa mabomba kutoka mbali, hali jirani zake wa Hierapoli walikuwa na chemchemi za moto. Na mwanahistoria Tacitus aeleza kuwa ulipoangushwa na tetemeko la nchi katika mwaka wa 60, watu wake walijijenga upya kwa mali yao wenyewe bila msaada wa Rumi. Kanisa lililojiona halina haja ya kitu lilikuwa limejifunza hayo kwa mji wake. Lakini neno lenyewe lina jambo la ajabu. Vuguvugu ni maji yasiyo moto wala baridi; na vuguvugu pia, katika siasa, ni msisimko wa watu walioamka kudai haki yao. Maji yaliyo vuguvugu huenda yanapoa, huenda yanaelekea kuchemka, na neno halituambii lipi. Nadhani hapo ndipo ulipo ugumu wa mambo haya kwa mtu ajichunguzaye: kidole kikitiwa chunguni mara moja hakiwezi kujua.

Neno la pili ni kughafilika, nalo tumelipata kwa Waislamu. Hakuna mwanafunzi wa fasihi yetu anayeweza kulisikia bila ya kukumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi auendea moyo wake mwenyewe na kuukaripia kwa kupumbazwa na dunia. Dawa yake ni kuuonyesha moyo magofu ya Pate: kumbi zilizokuwa na taa na wageni, sasa zina popo na ndege. Dawa hii ni kali, wala siidharau. Nimeona wanafunzi wakinyamaza kimya kwa beti zile. Walakini mshairi ni peke yake na moyo wake. Yeye ndiye mwenye kuamsha na ndiye mwenye kuamshwa.

Bunyan atoa dawa nyingine. Mkristo na mwenzake Tumaini wafikapo katika ile Nchi ya Uchawi, ambayo hewa yake humlegeza mgeni, Tumaini ataka kulala kidogo. Mkristo amkumbusha onyo la wachungaji. Lakini onyo peke yake halikutosha, basi waanza mazungumzo. Mkristo amwuliza mwenzake jinsi Mungu alivyoanza kazi naye, na Tumaini aeleza kwa urefu. Msomaji mwenye haraka huruka kurasa hizi kwa kuziona kavu. Kumbe mazungumzo hayo ndiyo tukio lenyewe: kila swali ni mkono umtikisao mtu begani.

Lakini hapa pia namlaumu mwandishi. Katika njia hiyo hiyo alikuwako kijana Mjinga, aliyeingia kwa kichochoro bila ya kupita mlangoni, akiutegemea wema wa moyo wake. Mkristo azungumza naye kama hakimu azungumzavyo na mshtakiwa, kisha yeye na Tumaini wasonga mbele na kumwacha nyuma. Ni kweli kwamba kijana mwenyewe alisema apenda kwenda peke yake, na Bunyan hakuyatia maneno hayo bure. Hata hivyo, wale waliotambua kuwa mazungumzo ndiyo yawaokoayo na usingizi walichoka upesi na mazungumzo yasiyowapendeza. Mjinga avushwa mto kwa urahisi katika mashua ya Tumaini-la-Bure, abisha mlango wa mbinguni, aulizwa hati, hana; afungwa mikono na miguu na kutupwa kuzimu kutoka pale pale mlangoni. Ni mwisho wa kutisha kuliko yote niijuayo katika vitabu vya dini. Nashuku kwamba katika saa ile Mkristo mwenyewe alikuwa amerudi bandani kutazama vazi lake, na mwandishi hakumwona.

Jambo hili si la Uingereza tu. Uamsho wa Afrika ya Mashariki, ambao historia yake huanza kutajwa na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe mwaka 1929, na ukawaka Gahini katika Rwanda kabla ya kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa vita juu ya usingizi wa Wakristo waliobatizwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa kuwa hawakukubali kuacha kukusanyika alfajiri kwa sala na kuhubiri. Silaha yao ilikuwa ile ya Nchi ya Uchawi: kukutana, kuungama mbele ya ndugu, kuulizana, waliyoyaita kutembea katika nuru. Lakini ushuhuda ukisemwa miaka 20 kwa maneno yale yale huwa utenzi wa kukariri, wenye vina vyake na mahali pake pa kutoa machozi. Katika miaka ya 1960 na 1970 likatokea Uganda, miongoni mwa Balokole hao hao, kundi lililoitwa Bazukufu, yaani walioamka upya, wakisema kuwa ndugu zao wamelala. Ndugu wale walichukizwa sana. Sitawahukumu, kwani nami nimekaa katika mikutano hiyo na kutoa ushuhuda wangu huku nikiwaza chakula cha mchana.

Bunyan alilijua hili pia, ila lilimchukua miaka kadha kulisema. Katika sehemu ya pili ya kitabu, iliyotoka mwaka 1684, mke wa Mkristo na watoto wake wapita katika Nchi ile ile ya Uchawi, nao wakuta banda ambamo wanaume wawili wamelala. Kiongozi awaita kwa majina yao, kisha awatikisa. Mmoja ajibu kuwa atalipa deni atakapopokea fedha zake. Wa pili asema kuwa atapigana maadamu aweza kushika upanga. Maneno yote mawili ni mema, na la pili lingefaa kuhubiriwa. Lakini macho yao yamefumbwa, na kiongozi hana budi kuwaeleza wenzake kuwa hao wanasema usingizini. Mtoto mmoja, kwa kusikia hayo, akacheka.